Maskati ya Kaka Yangu

Kaka yangu Nasir ametuambia miaka yote kwamba anakaa Maskati. Kwenye simu Maskati, harusini Maskati. Basi alipoamua kwamba Mama hawezi kuendelea kukaa peke yake Ibra, ahamie kwake na nyumba ipangishwe, mimi niliyeolewa Sur nikapewa kazi ya kumpeleka akajaribu siku chache. Mama alikubali shingo upande.

Ibra, asubuhi. Mama alitoka na mkoba mdogo wa nguo na birika lake kubwa la kahawa, kalifunga kwenye kanga.

"Mama, kwa Nasir kuna birika."

"La Nasir halijui watu," akanijibu, akalipakata.

Njiani. Barabara siku hizi inapenya majabali, na magari yote yanakimbilia Maskati kama duka linalotaka kufungwa. Sisi tukakata kona kabla ya kufika.

"Mbona unatoka njiani? Maskati bado."

"Ndiko kwa Nasir huku, Mama."

Bidbid ni wilaya ndogo, ya mwisho ya mkoa wa Dakhiliya kabla hujaingia mji mkuu. Ina ngome kando ya wadi, bonde la mto, ina mitende, na kule Fanja wanauza mitungi barabarani. Wenyeji wa asili wanajivunia kwao, na haki yao. Ila mtaa wa kaka yangu ni wa waliohamia: majumba mapya, kuta ndefu, mageti ya umeme, baraza hakuna. Wote hukwambia wanakaa Maskati. Alfajiri wanakwenda huko kazini, jioni wanarudi kulala.

"Karibu Maskati, Mama!" Nasir alitupokea.

Mama akayatazama majabali. "Imehamia lini huku?"

"Uwanja wa ndege uko karibu tu, Mama."

"Mimi sendi kupanda ndege, mwanangu."

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu. Nyinyi wa Ibra mnajua: mlango ukiwa wazi na tende zimeshatandikwa, wanawake wa mtaa huingia bila kualikwa. Basi Nasir na mkewe walipokwenda kazini na watoto skuli, Mama akafungua geti, akatandika chumba cha mbele, akaweka kahawa, tende na halua, akavaa vizuri, akakaa kungoja majirani. Nilijua mtaa ule hakuna atakayekuja, nikamsaidia kupanga vikombe.

Kahawa ikapoa, akapika nyingine. Wa kwanza kuingia alikuwa mleta vifurushi, anatafuta sahihi. Mama akamkalisha kwa nguvu. "Kaa, baba! Unakimbilia wapi na tende hizi?" Kijana wa watu hakujua neno la Kiswahili, akanywa huku macho yako getini. Nilicheka mpaka nikaona macho ya Mama yamelowa, nikaona haya.

"Wallahi, mgeni kaingia mtaani tangu juzi," alisema, "hata mtu mmoja hakuuliza ni nani."

Mara tukasikia hodi. Mwanamke wa makamo ya Mama alisimama getini, kashika mkongojo. Alikuwa Bi Zuwena, jirani wa nyumba ya mbele, mtu wa Aija, Sur, aliyeletwa na mwanawe baada ya kufiwa na mumewe.

"Nimesikia mtu anagombeza kwa Kiswahili," alisema. "Nikasema, lazima huyu ana kahawa."

"Karibu, dada! Unakaa hapa?"

"Mwanangu anan'ambia nakaa Maskati. Yenyewe sijaiona."

Kikombe kikiisha hakukitikisa, ishara kwamba hajatosheka, na Mama akammiminia mpaka adhuhuri.

Jioni Mama alimwambia Nasir nyumba yake haipangishwi.

"Mama, watu watasema nimekutupa!"

"Watu gani? Nimewangoja tangu asubuhi."

Kurudi. Tulipotoa gari kesho yake, Bi Zuwena alikuwa nje na mkoba. Mama alikuwa kamwalika, mimi sikuambiwa.

"Umemuaga mwanao?" nikamuuliza.

"Nimemtumia ujumbe. Yuko mkutanoni, khalas, yamekwisha."

Ibra tulikuta habari imetutangulia na wanawake wamekwisha kujaa. Nami niliyekuwa nikiona Nasir ana haki, siku ile nilijifunza kwamba Mama hakuwa akikaa peke yake hata siku moja, mpaka tulipompeleka kwa mwanawe.

Magharibi simu ya Bi Zuwena ililia. Mikono yake ilikuwa na halua, nikapokea mimi. Mwanawe alikuwa ndiyo kwanza anafika nyumbani.

"Mama yuko Ibra? Anarudi lini Maskati?"

Nikamuuliza Bi Zuwena. Akalamba kidole kwanza.

"Mwambie sijapata kufika," alisema. "Nitarudi vipi?"