Ngazi Tano za Bi Pindo

Mtaa mzima ulipima bahari kwa ngazi za Bi Pindo, wala hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Chumba chake cha kushonea nguo kilijengwa juu ya msingi mrefu, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea ufukweni, na mlangoni palikuwa na ngazi tano za saruji. Dhoruba ikija na maji yakipanda barabarani, watu waliulizana jambo moja tu: yako ngazi ya ngapi? Ya kwanza, watu wanaendelea kupika. Ya pili, vitu vinapandishwa juu ya meza. Ya tatu, kila mtu anabeba wake na kukimbilia shuleni, kule mlimani, bila kubishana.

Bi Pindo alibandikwa jina hilo kwa kuwa hakuna pindo la suruali lililowahi kumshinda. Kazi hii isiyo na mshahara aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mawingu yakitanda tu, utamkuta mlangoni, futi ya kupimia shingoni, miwani puani, anatoa taarifa. Redio ilisema yake na Bi Pindo alisema yake, na watu walimsikiliza Bi Pindo.

Siku hiyo giza liliingia saa nane mchana. Upepo uling'oa bati moja la jirani na kulitupa katikati ya barabara. Saa tisa maji yalifunika ngazi ya kwanza, na haikupita nusu saa yakafunika ya pili. Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, anayekaa nyumba ya mwisho kule chini. Kaka alikuwa safarini. Nyumbani walibaki wifi na mama mzazi wa Bi Pindo, ambaye miguu yake iligoma kazi miaka mitatu iliyopita.

“Wifi, hali ikoje huko? Sisi na huu ukuta wa uani hatuoni kitu. Nimwombe fundi baiskeli aje tumbebe mama?”

“Ngazi ya pili tu. Utamloanisha bure apate kifua. Tulieni, nitawaambia.”

“Haya, wewe ndiye mwenyewe.”

Bi Pindo hakuweza kukaa. Alichukua fagio asukume takataka zilizoletwa na maji, akaanzia juu kama afanyavyo kila asubuhi. Ngazi ya juu kavu. Inayofuata kavu. Kisha maji. Mbili kavu, mbili zimezama. Akahesabu tena, safari hii kwa kidole. Zilikuwa nne.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wakati wa kiangazi lori lilileta kifusi kusawazisha barabara, na yeye mwenyewe alimbembeleza dereva amwage kingi zaidi mlangoni pake, kwa sababu wateja walikuwa wakijikwaa kwenye ngazi ya chini iliyobomoka. Ngazi ikafukiwa, akashukuru, akasahau. Aliyoiita ya pili ilikuwa ya tatu.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

“Ni ya tatu!” alimpigia kelele fundi baiskeli, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akipandisha magurudumu darini. “Nimehesabu vibaya, ni ya tatu!”

“Si umesema ya pili sasa hivi?”

“Achana na nilichosema! Mama yangu yuko kule chini!”

Walishuka wameshikana mikono, maji kiunoni, wakigonga kila mlango na kupaza sauti. Bi Pindo alikuwa analia na wala hakujificha. Walipofika, maji yalishavuka ukuta na kumwagikia uani. Ndani, wifi alikuwa amempandisha mama juu ya meza ya kulia, amemkumbatia kwa mikono miwili, na meza yenyewe imeanza kuyumba. Fundi baiskeli alimtwaa mama mgongoni, wakatoka.

Shuleni watu walijazana darasa moja. Wifi alikamua nguo zake bila kumtazama Bi Pindo. “Mimi nilitaka kumtoa mapema,” alisema.

“Usimwonee,” mama alisema, akitetemeka ndani ya koti la mtu. “Maji yalipoanza kupita chini ya mlango ulitaka kunibeba peke yako, mimi ndiye niliyekataa. Nilikwambia tungoje simu. Mwanangu hajawahi kukosea ngazi.”

Bi Pindo alikuwa amepiga magoti, anaisugua ile miguu isiyosikia kitu. Maneno hayo yalimuuma kuliko kama angezabwa kofi.

“Nimekosea, mama. Nimekosea.”

Mama alimpapasa kichwani. “Na sasa yako ngazi ya ngapi?”

Darasa zima likageuka kumsikiliza Bi Pindo, na yeye akaendelea kusugua miguu.