Jiwe Nililoliweka Foleni

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, Kariakoo, saa saba ya mchana, jua la utosi. Sikuwa na homa wala sikuwa usingizini.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, bidhaa zimeadimika. Mdogo wangu Rehema alikuwa na siku nane tangu ajifungue, homa ikamkausha maziwa, na mtoto amelia mpaka sauti imekwisha. Tukasikia duka la ushirika Mtaa wa Sikukuu litatoa maziwa ya unga. Nani angelala? Alfajiri nilikuwa foleni.

Nyie wa leo hamjui. Wakati ule mtu akichoka kusimama aliweka jiwe mahali pake, akaenda kivulini, na jiwe liliheshimiwa kama mwenyewe yupo. Wengine waliweka ndala, wengine kopo. Mimi kwa pupa yangu niliokota jiwe jeusi, laini, chini ya mti wa mkungu uliokuwa uchochoroni. Yalikuwepo mengi, yamepangwa mstari. Sikujiuliza nani aliyapanga.

Nimekaa barazani, akaja mama mmoja mfupi, amejitanda kanga. Niamini, kanga ile haikuwa na jina. Niliyatafuta maandishi upindoni, sikuyaona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lile jiwe lako umelitoa wapi?"

Nikamwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Njoo nikuonyeshe jamaa zake."

Kwa nini nilimfuata? Mpaka leo sijui. Alinipeleka kwanza Mtaa wa Mchikichi, kwenye bomba la maji. Pembeni ya bomba, mawe matatu meusi. "Hawa ni wachimba visima wetu." Kisha nyuma ya meza za samaki, mawe saba. "Hawa waligawa chakula mwaka wa njaa, wao wakakosa." Akanieleza kwamba wao ni Waninga, walikaa pale kabla ya mitaa, kabla ya minazi. Hawaandiki majina ya wafu. Mtu akifa, huwekewa jiwe mahali alipopenda kukaa, limshikie nafasi akirudi kutembelea.

"Kama nyinyi na foleni zenu," akasema, akatabasamu.

Aibu ilinishika. Nimezaliwa Kariakoo, nimewakanyaga watu wa watu miaka yote bila hata kubisha hodi.

Tukaishia chini ya mkungu. Katikati ya mstari, pengo. "Hapa ni pa mwanangu," akasema. "Aliishi siku tisa. Leo akija hana pa kukaa."

Moyo ulinipasuka. Lakini nikiondoa jiwe, nafasi yangu imekwenda, na mtoto wa Rehema je? Nikalia, nikamweleza yote.

"Wenu ana siku ngapi?"

"Nane, mama."

Akalitazama pengo. "Nirudishie langu. Mungu atakuonea huruma."

Nikaenda mbio foleni, nikanyakua jiwe bila kumtazama mtu, nikalirudisha pengoni. Nilipoinua kichwa, mama hayupo. Nikamwomba radhi yule mtoto, nikakaa palepale nikilia, sina pa kwenda. Baadaye nikajikokota kurudi dukani, angalau nione kwa macho yangu kwamba nimekosa.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mama Zuhura, aliyekuwa mbele yangu tangu alfajiri, akaniita kwa ukali: "Wee! Zamu yako inafika ndiyo unaondoka? Saa nzima umesimama nyuma yangu, nakusemesha hujibu! Na ile kanga uliyojitanda umeivua wapi?"

Niliingia dukani. Nilipewa kopo la mwisho.

Mtoto yule leo ana ndevu, ana wanawe. Mkungu bado upo, umebanwa na maghorofa. Kila mwaka, siku aliyotimiza siku tisa, tunakwenda naye. Tunabisha hodi, tunafagia, na mimi nasema asante, mama. Sijawahi kumwona tena, na nashukuru hata hivyo.

Nawe unayesikiliza, ukikuta mawe yamepangwa mahali, hata kama ni uchochoroni penye takataka, usiyaguse. Kuna mtu anashikiwa nafasi. Na kama umeshalichukua jiwe, lirudishe leo leo, usingoje kufuatwa. Mimi nilimnyang'anya mtoto wake nafasi, yeye akasimama juani kwa ajili ya wangu.