Watoto wa Matawi ya Chini

Unga wa ngano ukichemshwa na maji na chumvi kidogo hutoa harufu ambayo si ya chakula, wala si ya kitu kingine ninachoweza kukitaja. Inakaribia uji, lakini tumbo halidanganyiki. Mimi nikiisikia narudi moja kwa moja jikoni kwa Bibi, kijijini Akheri kwenye mlima Meru, asubuhi moja ya likizo ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba na moshi wa kuni ukikataa kutoka nje. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, amevaa sketi yake nzuri ya kijivu, anakoroga gundi ya kubandikia makaratasi. Bibi, mama mzazi wa baba yangu, alisimama mlangoni na ungo wa maharage, akiutazama unga wake wa chapati ukipotea hivi hivi. Bibi yangu alikuwa na la kusema juu ya kila jambo, tangu kuku wa jirani hadi mahubiri ya Jumapili, kwa hiyo alipokaa kimya nilijua siku hiyo itakuwa ndefu.

Mdogo wangu Upendo alikuwa anatimiza miaka miwili. Kwetu wakati ule hapakuwa na desturi ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mtoto alibatizwa, watu wakala wakashiba, yakaisha. Sherehe ilikuwa wazo la Mama, na lilitokana na shida. Upendo alipoachishwa ziwa, kabla hajatimiza mwaka, Mama aliondoka kwenda kusomea kozi fupi ya uuguzi. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho hajulikani alipo. Tukaachwa kwa Bibi, na Upendo akaachwa mgongoni kwangu. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilikuwa darasa la tatu, nikitoka shule navua sare, najifunga kanga, Bibi ananipandishia mtoto, na hapo ndipo siku yangu inaanza. Niliruka naye kamba, niligombana na wenzangu yeye akiwa amelala kwenye bega langu. Jina langu, Naomi, ndilo neno lake la kwanza, ingawa alilikata na kuniita Omi. Nilijivuna sana kwa hilo, na sioni sababu ya kuficha.

Mama alipomaliza masomo alipata kazi hospitalini mjini, akapanga vyumba viwili Njiro, akaja kutuchukua. Upendo alimtazama, akaficha uso mgongoni kwangu, akalia mpaka akatapika. Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata tena. Mama alileta biskuti, akaleta mwanasesere mwenye nywele za kuchana, akaimba. Kadiri alivyojipendekeza ndivyo mtoto alivyozidi kunishika shingo. Mwisho Bibi akatoa uamuzi wake, wakiwa wamekaa kwenye benchi la barazani na mimi nikijifanya nachambua mchicha.

"Mama Naomi, mtoto hatoki kwenye nyumba hii akilia," alisema. "Siku atakayokufuata kwa miguu yake mwenyewe, mizigo nitaifunga kwa mikono yangu."

"Na asiponifuata, Mama?"

"Utaendelea kuja."

Mama hakubishana, kwa sababu mkwe wa Kimeru habishani na mama wa mumewe, na pia kwa sababu alijua Bibi amesema kweli. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na ile ya Njiro iliyokubali kunipokea isingenishikia nafasi hadi mwaka mwingine. Tusipohama likizo ile tungebaki hadi Desemba, na kufikia Desemba Upendo angekuwa amezidi kumsahau mama yake. Nilitaka kuhama. Nilitaka taa za umeme, nilitaka kulala chumba kimoja na Mama na kumsikia akipumua. Usiku nilimwombea mdogo wangu abadilike, na asubuhi akininyooshea mikono mimi badala ya Mama, moyo wangu ulifurahi. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na nilikuwa mdogo mno kuyapatanisha.

Sherehe basi ilikuwa njia ya Mama ya kumpata mtoto wake. Alipokuwa mafunzoni, kwenye wodi ya watoto, aliona jinsi wanavyotulia wakipewa kazi ya mikono: kubandika, kupaka rangi, kuchana karatasi. Akaona naye atafanya hivyo. Alinunua karatasi za rangi mjini, akakata mataji ya kuvaa kichwani, akatengeneza maua ya kubandikwa, akapita kwa majirani kualika watoto wa rika la Upendo. Walikuwa wanane. Aliandaa mataji manane, la tisa la Upendo akalificha, akatandika mkeka mmoja, akaweka bakuli moja la gundi katikati. Bibi kwa upande wake alibandika loshoro, mahindi ya kuchanganywa na maziwa mgando, kwenye sufuria ile kubwa inayotoka siku za msiba na kipaimara.

"Ni watoto wanane tu, Mama," Mama alisema.

"Sawa, Mama Naomi," Bibi akajibu, akaongeza mahindi.

Hapo ndipo masomo ya mjini yalipomponza mama yangu, maana mwenyewe alizaliwa mlimani pale pale na alitakiwa ajue. Mtoto wa miaka miwili wa Akheri hatembei peke yake. Anakuja mgongoni kwa dada yake, na dada yake anafuatana na anayemfuata, na nyuma yao wapo kaka waliotumwa kuchunga wasije wakaanguka mferejini. Kualika wanane ilikuwa kualika njia nzima. Walitokea kwenye migomba kwa mafungu, wamepakwa mafuta usoni, wanasema shikamoo mama kwa sauti moja, na kabla jua halijachomoza vizuri kwenye ukungu uwanja wa Bibi ulikuwa umejaa watoto wa kila kimo. Mataji yaliisha papo hapo. Wasichana wakubwa waliyavaa wenyewe, wakayarekebisha wakijitazama kwenye dirisha. Wavulana, wakiongozwa na Eliudi, mtoto wa baba mkubwa, walikunja maua ya karatasi wakatengeneza ndege za kurusha. Wale wadogo waliosababisha sherehe iwepo walikaa kuzunguka bakuli na kula gundi. Ilikuwa na chumvi, na walikuwa na njaa ya asubuhi.

Mama alijitahidi. Alipiga makofi, akaimba, akanyang'anya bakuli, akagawa karatasi zilizobaki vipande vipande. Kisha akafanya kosa la pili. Alichukua taji alilolificha kwa ajili ya mwenye siku yake, akamtoa Upendo mgongoni kwangu bila kumuuliza, akamvisha na kumpakata ili watoto wamwimbie. Kilio alichopiga mdogo wangu kilinyamazisha watu wote. Alijikunja, akatupa taji, akaninyooshea mikono, Omi, Omi, kama anayezama. Nilimchukua. Mama akainuka polepole, akasema anakwenda kuangalia sufuria. Nilimfuata kwa macho hadi jikoni, nikamwona amesimama ameupa moto mgongo, anajifuta uso kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia bila sauti kabla ya siku ile, na niliogopa. Niliona kabisa Desemba inakuja, na baada yake Desemba nyingine.

Bibi aliweka chini ungo. Wakati wa kuvuna kahawa yeye ndiye aliyepanga watu shambani, na alikuwa na mpango wake usiobadilika. Wakubwa waliinamisha matawi ya juu. Wa katikati walichuma pale mikono ilipofika. Wadogo waliachwa kwenye matawi ya chini, yale yanayogusa ardhi, wachume wanachoweza, mbichi na mbivu, hakuna wa kuwagombeza. Na palipokuwa na mtu mzima mgonjwa, au mjamzito, au mwenye huzuni, Bibi alimketisha huko chini pamoja na wadogo. Sasa alisimama katikati ya uwanja akapanga sherehe kama mavuno. Eliudi na wenzake aliwatuma kubandua magome makavu ya migomba. Wa rika langu tuliambiwa tuyachane na kusokota kamba, tufunge mipira na wanasesere. Wadogo aliwamwagia karai la tope laini la kando ya mfereji, chini ya mti wa parachichi, wafinyange ng'ombe. Mtoto mmoja alipochukua harage kwenye ungo alifanye jicho la ng'ombe, akalijaribu kwanza puani, Bibi alimchomoa kidole na kusema maharage ni ya sufuria. Kisha akageukia jikoni.

"Mama Naomi, njoo. Wewe ni wa matawi ya chini leo."

Mama alitoka, macho mekundu. Alitazama tope, akatazama sketi yake, akakaa chini.

"Usimwite," Bibi alimwambia, taratibu, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Usimtazame. Fanya kazi iliyo mbele yako."

Kwangu mimi akatupa fungu la magome, akisema kamba haisokotwi kwa mkono mmoja. Ilinibidi nimteremshe Upendo. Alinishika sketi, akasimama. Nilisokota, yeye akasimama. Wavulana walikuwa wakifukuzana na mpira mpya wa magome, wasichana wakibishana jinsi ya kumfunga mwanasesere kiuno, na huko kwenye tope watu wadogo walikuwa wakifanya kazi kwa bidii ya ajabu, midomo wazi, mikono hadi viwiko. Mama alikuwa anafinyanga ng'ombe. Hakuwa fundi hata kidogo. Ng'ombe wake alisimama, akayumba, akavunjika mguu. Akamtengeneza, akavunjika mwingine. Nilihisi sketi yangu ikiachwa. Sikugeuka, kwa sababu Bibi alikuwa akinitazama.

Upendo alikwenda hadi kwenye karai akachuchumaa. Alimtazama ng'ombe wa Mama kwa muda, kisha akanyoosha kiganja akamponda. Mama hakuinua macho. Alichukua tope jingine akafinyanga ng'ombe mwingine. Upendo akamponda huyo naye, na mara hii akacheka, kicheko chake kile cha tumboni nilichodhani ni changu peke yangu. Wakaendelea hivyo, mmoja anaumba, mwingine anaponda, hadi Upendo alipochoka kuponda, akachota tope lake na kulipaka kwenye goti la Mama, akalisawazisha vizuri kama mtu anayekandika ukuta. Nilimwona Mama akiuma mdomo. Mikono yake haikuacha kufanya kazi. Mtoto alipomaliza goti moja alihamia la pili.

Baadaye Upendo alitazama mikono yake mwenyewe, akaona haifai. Siku zote akichafuka alinijia mimi. Alinitazama kweli, pale nilipokaa na kamba zangu, na mimi nikamtazama. Halafu akageuka, akashika kidole cha Mama, akamvuta. Wakaenda mferejini, Mama ameinama upande ili kidole kifike, Upendo mbele kwa miguu yake mifupi, anamwonyesha njia mtu aliyeijua kabla yeye hajazaliwa. Watoto wakubwa waliacha kucheza. Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, na baada ya muda nikasikia begi likiburutwa kutoka uvunguni mwa kitanda. Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa. Na mgongo wangu, ambao tangu Mama aondoke haukuwahi kupata upepo nikiwa nyumbani, ulihisi baridi, nikalia kidogo nyuma ya ghala, peke yangu, pasipo mtu wa kuniuliza.

Tulihama Jumatatu. Upendo leo ni mwalimu Moshi, hakumbuki lolote katika haya, na kila asubuhi anampigia Mama simu hata akiwa hana la kusema. Bibi ametangulia. Sherehe za watoto hapa Njiro zimekuwa jambo la kawaida: mwaliko unakuja kwenye simu na umri umeandikwa, kila mtoto ana kiti chake kidogo, mkasi wake butu na sahani yake ya gundi ya dukani, mama zao wanapiga picha kutoka pembeni. Sizidharau. Watoto wanafurahi na hakuna anayekula gundi. Ila huwa nahesabu kimoyomoyo ni wangapi wameachwa nyumbani kwa kuwa umri wao haukuandikwa.

Na mimi nina mtoto sasa, Baraka, naye ametimiza miwili majuzi. Natoka kwenda kazini akiwa amelala, narudi jua limezama, na kwa miezi mingi akiumia alimkimbilia Anna, dada anayetusaidia nyumbani. Nilijua maana yake kuliko mtu mwingine yeyote, na bado iliniuma kana kwamba sikuwahi kuiona. Nilitaka kumpunguzia Anna saa za kukaa naye. Nilitaka kununua vitu. Nikampigia Mama, nikamweleza, akanisikiliza hadi mwisho.

"Uliwahi kumwona mtu akipata mtoto kwa kumwita?" aliniuliza. "Vua viatu, mwanangu. Kaa chini."

Siku hizi nikifungua mlango sisemi jina la mtu. Naweka mkoba, navua viatu, nakaa sakafuni karibu na wanachofanya, nami naanza kukifanya, vibaya. Anna ananisogezea nafasi bila kuinua macho, sikumfundisha. Jana jioni walikuwa wanachana maboksi. Nilichana langu. Baada ya muda Baraka alikuja akanikalia mapajani, akaendelea kuchana, amenipa mgongo, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake.