Mzee Aliyeomba Kusikia Santuri ya Mwanawe

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa macho, na tumboni hamna kitu kikali kuliko chai ya maziwa. Kama ningekuwa natunga, niamini, ningejipa nafasi nzuri zaidi. Ningekuwa shujaa, au angalau ningekimbia. Sikukimbia. Nilikaa kitini kama bwana mkubwa na nikamdanganya mtu aliyekwisha kufa.

Mimi hukusanya santuri, zile sahani kubwa za muziki ambazo wazazi wetu walizitupa kaseti zilipoingia, na ambazo sisi wenye shahada sasa tunazirudisha nyumbani kwa heshima kama maharusi. Mjini Kisii tuko wachache wenye ugonjwa huu. Tuna kundi letu la kutumiana picha kwenye simu, na tuna sheria moja kubwa: santuri mpya iliyofungwa kwa nailoni haifunguliwi. Ukiifungua imekuwa mtumba. Ndiyo, umenisikia vizuri. Tunatafuta muziki kwa bidii ili tusiusikilize. Mke wangu alipoelewa jambo hilo aliniuliza kama pia kuna watu wanaopika chakula ili wakitazame. Nilimjibu kwa hotuba ndefu. Chuo kikuu kinafundisha hayo.

Sasa, Mokaya. Mokaya ni mwimbaji wa roki, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma na mtu anayepiga mayowe kana kwamba paa linaungua. Mtu wa Magwagwa, kule Nyamira, anaimba roki! Kwa miaka mingi alikuwa na bendi Nairobi. Tulijuana ukubwani, yeye na mvi zake, mimi na kitambi changu. Mwaka jana aliachana na bendi akatoa albamu yake peke yake, na nakala chache akazichapisha ng'ambo kwa santuri za rangi ya damu ya mzee, kila moja ikiwa na nambari aliyoiandika kwa mkono wake. Moja alinitengea mimi.

“Iko nyumbani Magwagwa,” aliniambia kwa simu. “Mama watoto atakupa. Na tafadhali, usiende kuizika kabatini. Isikilize, jamani.”

“Nitaisikiliza,” nikasema. Nilimaanisha kwamba nitazisikiliza nyimbo hizo kwenye simu, bure, kama watu wengine.

Jambo moja zaidi nililijua kuhusu Mokaya. Baba yake, mzee wa kanisa la Kisabato, hakuwahi kusikiliza hata wimbo wake mmoja. “Mzee anasema sauti yangu ni ya mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja,” Mokaya hupenda kusema. Hucheka, halafu hubadilisha mazungumzo. Alivyomsimulia, ungedhani wameachana asubuhi ile. Kwa hiyo mimi nilijua mzee yu hai, na kwamba siku moja huenda atalegea.

Nilipofika Magwagwa, Kerubo, mke wa Mokaya, alikuwa anatoka na kikapu cha majani chai mgongoni, anakimbilia kituo cha kununulia kabla mvua haijashuka.

“Shem, ingia, keti. Chai iko kwenye chupa, sahani yako iko mezani. Nisipomwahi mtu wa mizani leo, haya majani nitayala mwenyewe.”

Nikaingia. Nyumba ni mpya, ya matofali, sebule pana. Mezani palikuwa na gramafoni ya kisasa ambayo Mokaya aliileta kutoka ng'ambo, na kando yake santuri yangu katika nailoni yake, haina hata alama ya kidole. Niliipiga picha mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwapiga watoto wangu. Mvua ikaanza. Wanaoijua mvua ya alasiri ya kwetu wanajua kwamba haimwombi mtu ruhusa. Giza liliingia sebuleni, nikawasha taa.

Nilipoinua macho, mzee mmoja alikuwa amesimama nje ya mlango, chini ya ukingo wa paa. Mlango ulikuwa wazi. Koti la suti, tai, kofia mkononi. Mguu wa kulia alivaa kiatu cheusi cha ngozi kilichong'arishwa. Mguu wa kushoto, ndara. Nilicheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Alinisalimu kwa Ekegusii, nami nikasimama nusu, kama tunavyofanya tukiwa hatujaamua mtu ni wa heshima kiasi gani.

“Ingia, mzee, utalowa.”

“La, mwanangu. Hapa panatosha.”

“Ingia bwana, hakuna mwenyewe. Niko peke yangu.”

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekojoa kanisani. “Mimi ndiye baba wa mwenye nyumba,” akasema. “Nitaingiaje?”

Hapo ndipo aibu ya kwanza iliponipata. Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na soni kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe mwenye mke. Akiwa na neno, atalisemea mlangoni. Kila mtoto wa Marani, kwetu, anayajua haya kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na mimi niliwahi kuandika makala nzima gazetini kuhusu chinsoni, nikanukuu maprofesa, nikalalamika kwamba vijana wameisahau. Kisha nikamwita baba wa mtu aje akae kwenye kochi la mkamwana wake!

Nikaomba radhi. Akatikisa kofia yake, yameisha. Macho yake yalikuwa mezani.

“Hiyo nyekundu ndiyo sauti yake?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na hiyo ndiyo mashine ya kuisemesha?”

“Ndiyo.”

Mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanaomwaga mahindi. Halafu akasema, polepole, kama mtu aliyelifanyia mazoezi neno lake njia nzima: “Iweke hapo hapo. Wimbo mmoja tu. Nitasikia nikiwa huku nje. Sijawahi kumsikia.”

Elewa hali ilivyokuwa. Mzee aliyemkataa mwanawe kwa miaka yote amekuja kwa miguu yake, kwenye mvua, kuomba asikie. Kilichotakiwa ni mimi kupitisha ukucha kwenye nailoni. Mtoto angefanya. Mlevi angefanya. Mimi nikaitazama ile nailoni inavyong'aa, nikafikiria picha nilizokwisha kutuma kwenye kundi na jinsi wenzangu walivyonionea wivu, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

“Pole, mzee,” nikasema. “Umeme umepotea.”

Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Aliinua macho akaitazama. Aliitazama kwa muda, bila haraka, kama mtu anayesoma saa. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja aniite mwongo. Je, wewe usingeniita? Lakini wazee wa namna ile hawamvui mgeni nguo ndani ya nyumba ya mwanawe.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Pengine utarudi.”

Akasimama pale kitambo, labda akingoja, labda akinipa nafasi. Nami nikajifanya nasoma maandishi ya jalada. Nilipogeuka alikuwa anashuka kuelekea migombani, kofia bado mkononi, kiatu na ndara, na nitakuapia kwa lolote utakalo: mvua ile kubwa, na koti lake halikuwa na doa la maji mgongoni. Alifika kwenye migomba. Hakutokea upande wa pili.

Kerubo alirudi mvua ilipopungua, karatasi ya plastiki kichwani, kikapu kitupu.

“Shem, hujanywa chai? Unaogopa nimeweka dawa?”

“Baba mkwe wako alipita hapa,” nikasema. “Alikataa kuingia.”

Alicheka. “Baba mkwe wangu yupi?”

“Baba yake Mokaya.”

Kicheko kikakatika. Akanionyesha kwa kidevu kule migombani. “Baba yake Mokaya yuko pale chini, shem. Tulimzika kabla hatujachimba hata msingi wa nyumba hii.”

Nikageuka kuitazama migomba. Yeye ndiye aliyeendelea, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Alivaa nini miguuni?”

Nilipomwambia, aliketi. Siyo kitini, chini, sakafuni, na plastiki yake bado kichwani. Mzee alikufa kwa ugonjwa wa sukari, akanieleza, na mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hata kiatu kikakataa. Wakamvisha ndara, wakafunika, wakafunga jeneza. Waliomvisha waliona aibu kwa ajili yake, hawakumwambia mtu nje ya boma.

Akampigia mumewe simu, akaiweka wazi ili sote tusikie. Alimweleza kila kitu kwa Ekegusii, haraka haraka: mzee, koti, ndara, mlango. Nilidhani Mokaya atasema tumelewa. Nilidhani atauliza maswali. Aliuliza moja tu.

“Akasikia?”

Kerubo akaninyoshea simu. Yule mwanaume mzima, mtu wa kupiga mayowe mbele ya umati, sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyeamshwa usiku.

“Ndugu yangu,” akasema, “mzee akasikia?”

“Alisikia,” nikasema. “Wimbo mzima.”

Mokaya alilia. Kerubo hakulia. Alikuwa anaitazama santuri pale mezani, katika nailoni yake nzima, isiyo na hata mkwaruzo. Akaitazama, akanitazama, akainuka akaenda jikoni kunitilia chai nyingine. Mpaka leo hajanitamkia neno juu ya hilo. Hiyo ilikuwa mara ya pili katika alasiri moja kusitiriwa na watu wa ukoo ule, na sikustahili hata mara ya kwanza.

Unataka kujua yaliyofuata? Nailoni niliichana usiku ule ule, nyumbani Kisii, kwa meno. Wenzangu kwenye kundi waliniombolezea. Tangu hapo, mvua ya alasiri ikianza na nikipata nafasi, naenda Magwagwa. Kerubo hunifungulia mlango wazi kabisa, naiweka ile santuri, naongeza sauti mpaka ng'ombe wa jirani wanalalamika. Tunaketi. Ukingo wa paa unatiririka. Nimeanza kuzipenda nyimbo zile, na katika ule wa mwisho Mokaya hapigi mayowe kabisa, anamwita baba yake kwa jina, taratibu. Hakuna mtu aliyewahi kuja kusimama mlangoni.

Mokaya naye anaisimulia hadithi hii kila anapoimba. Alipokuja kuimba mjini Kisii aliwaambia watu wote kwamba baba yake alirudi kumsikia, na kwamba rafiki yake wa kweli ndiye aliyempigia santuri. Akaninyoshea kidole. Watu wakasimama, wakashangilia. Nami nikainua mkono, nikapunga. Nilipunga! Sasa anatunga wimbo mpya kuhusu alasiri ile, na juzi amenipigia kuuliza mzee alisema nini wimbo ulipoisha. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuonya kama mtu aliyeungua. Ukiwa na kitu kizuri ulichokifunga ili kisichakae, na mtu akasimama mlangoni pako akaomba, kifungue. Usiulize ametoka wapi, wala usicheke viatu vyake. Wengine huja mara moja, na safari yao ni ndefu kuliko unavyodhani.

Na wewe, Mokaya, najua utayasoma haya, kwa maana Kerubo atakutumia. Hakusikia, ndugu yangu. Alikuja, aliomba wimbo mmoja. Gramafoni ilikuwa mezani, mlango ulikuwa wazi, na taa ilikuwa inawaka.