Kichujio cha Mgeni Rasmi

Juzi nilikuwa kwenye duka la mitambo hapa Tanga. Akaingia bwana mmoja wa kiwanda cha chokaa, kuchagua kichujio cha kunasa vumbi kwenye bomba la moshi.

Muuzaji akamuuliza, "Moshi wenu una joto kiasi gani? Hiki mifuko yake ni ya kitambaa."

Bwana akakipapasa rangi kwa kidole. "Cha kijani hamna? Mgeni rasmi atapiga picha mbele yake."

"Kitaungua, bosi."

"Siku ya uzinduzi tanuri tutalizima."

Akajifuta kidole kwa leso, kazi imekwisha. Mgeni atakata utepe, atapigiwa makofi, ataondoka. Kisha tanuri litawashwa, na vumbi litachujwa kama siku zote, kwa mapafu yetu sisi majirani wa kiwanda, wa Nguvumali.