Manowari ya karatasi niliyompelekea baba mkwe Matiliku

Wakuu, habari za huku. Shikeni chai, hii ni ndefu kidogo na ni ya kweli. Mke wangu ameisoma kabla sijaipost, asije akasema nimemdhalilisha baba yake.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa primary, somo langu Art and Craft. Kwetu ni Matinyani, Kitui.

Hobby yangu ilikuwa kujenga manowari za karatasi. Ndiyo, meli za vita. Kitui. Mahali ambapo mto ni mchanga na maji unayachimba.

Msicheke bado.

Kazi yenyewe ni serious. Unachora kwanza kwa scale: ubavu, juu, mbele. Mbavu za ndani unakata kwa boksi la mafuta ya kupikia, unazivisha karatasi ngumu ya manila. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Nje unasugua nta ya mshumaa ili isinywe maji. Mizinga ni karatasi ya daftari umeiviringisha kwa spoke ya baiskeli. Wenzangu mwisho wa mwezi walinunua viatu, mimi nyembe za kukatia karatasi.

Sasa nikampenda Mwende, mwalimu mwenzangu kutoka Matiliku, upande wa Makueni. Shida ilikuwa baba yake, Mzee Musembi.

Mzee alienda vita vikuu vya pili, na si nchi kavu kama wengine. Yeye alikuwa majini. Matiliku nzima walimwita Kapteni. Kanisani walimpa nafasi ya ushuhuda mara kwa mara, na kila mwaka maadui waliongezeka, na Bwana akawashinda wote kupitia Mzee Musembi. Ushuhuda ukawa ndio ibada, mahubiri yakabaki mafupi kama matangazo.

Kabla yangu alikuja karani mmoja kumposa Mwende. Akauliza, kwa nia njema tu, hiyo meli iliitwaje. Alirudi kwao na mbuzi wake wote.

Mmeelewa hali? Ukigusa vita vya mzee, binti hupati.

Mimi nikaona njia. Nitamjengea mzee manowari yake mwenyewe, nimpelekee siku ya ntheo, ile siku mnapeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana na mnaanza kuhesabiwa watu wa nyumba moja.

Nikaenda kumhoji na penseli. Na hapa wasio Wakamba mnielewe: huwezi kubishana na mtu atakayekuwa baba mkwe wako. Akisema jua ni baridi, unaenda kutafuta koti. Kwa hivyo kila alichotaja nilichora.

Siku ya kwanza mizinga ilikuwa minne.

Mara ya pili pasta alikuwepo. Mizinga ikawa kumi, na kumbe kule juu kabisa kulikuwa na chumba cha maombi.

Mara ya tatu chifu alipitia chai. Tukaongeza kiti cha kamanda, juu ya chumba cha maombi, pamoja na bendera kubwa. Mabomba ya moshi pia yakarefuka kwa heshima ya serikali.

Upana wa meli hakuna aliyeutaja, kwa hivyo upana ulibaki vile vile.

Mtu yeyote aliyewahi kujenga model anajua uzito ukiwekwa juu namna hiyo meli inageuka. Nilijua. Lakini nikajiambia itakaa mezani juu ya kitambaa, nani ataiweka kwa maji? Hii ni Makueni, na mwaka huo ukame ulikuwa umetushika koo.

Siku ikafika. Mjomba wangu Nzioka, ndiye alikuwa msemaji wetu, akaikabidhi meli kwa maneno matamu. Wazee wakaizunguka, wakahesabu mizinga, wakaridhika.

Pasta akapendekeza iwekwe kwa maji, watoto waone.

Mama Mwende alisema yale maji ni ya ng'ombe na yameletwa na punda kutoka mbali. Alipingwa na wazee wote, ambao hakuna hata mmoja alikuwa amekwenda kuyachota. Pipa lililokatwa nusu la kunyweshea ng'ombe likajazwa. Ng'ombe nao wakasogea wakidhani ni mambo yao.

Nilimtazama mzee. Hakuwa anaangalia meli, alikuwa anaangalia watu. Niliogopa, wakuu, siwezi kudanganya. Ikipinduka, watu wanamcheka uzee wote uliobaki, na mimi naanza safari ya Matinyani na mbuzi.

Nikaiweka. Ikaelea. Makofi.

Halafu chumba cha maombi kikaanza kuinama polepole kama muumini anayesinzia. Kiti cha kamanda kikaingia kwanza, bendera ikafuata, mizinga yote kumi ikaelekea chini. Tukabaki tunaangalia tumbo la meli.

Nyuma kuna mtu akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Mzee Musembi akasimama. Akavua kofia.

"Ni hivyo," akasema. "Hivyo kabisa ndio ilizama."

Pasta akasema amina. Kofia zote zikavuliwa. Watu wazima tukasimama kando ya pipa la ng'ombe kuomboleza manila na uji wa ngano. Chifu alifuta macho. Mbuzi wangu wakapokelewa bila swali, na Jumapili iliyofuata ushuhuda ulikuwa na sehemu mpya, jinsi alivyoogelea kujiokoa.

Mngedhani imeishia hapo. Mimi pia.

Wageni wakila, nikarudi kutoa meli kabla ng'ombe hawajaitafuna. Nikamkuta mzee peke yake, ameishika imelowa, mizinga imebanduka. Alikuwa anaigeuza geuza akitafuta kitu.

"Mwalimu, jikoni hukuweka," akasema.

Nikamwambia hakuwahi kunitajia jikoni.

"Hakuna mtu aliwahi kuuliza."

Akaniambia jiko lilikuwa limefungwa sakafuni kwa chuma, na sufuria zilizuiwa na vyuma pembeni ili meli ikiyumba mchuzi usimwagike. Viazi vilikuwa upande wa kushoto. Mizinga ilikuwa juu ya kichwa chake, na hakuiona ikipiga hata siku moja. Aliisikia tu, amekaa kwenye gunia, anamenya viazi kwa hofu, asijue nani anapigwa.

Nilichora nyuma ya pakiti ya sukari. Hakubadilisha kitu. Nilisikia uchungu ambao sikuutarajia siku ya furaha yangu.

Nilimjengea nyingine baadaye, ya jikoni peke yake, bila paa ili aone ndani. Aliiweka chumbani kwake. Pasta hakuonyeshwa. Kanisani aliendelea kuwa Kapteni mpaka alipolala, na kwenye mazishi mizinga ilifika ishirini.

Somo langu ni hili. Tulizoea kusema mzee alikuwa muongo mtamu. Lakini mtu alirudi na hofu yake na viazi vyake, sisi tukataka mizinga, akatupa mizinga. Ukapteni tulimpandisha wenyewe, kwa makofi.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye wazee waliotoka vitani, semeni ukweli: kuna aliyewahi kuwauliza nani alikuwa anapika?