Bega la Paris, Bega la Durban

Siku niliyoliua koti la watu naikumbuka vizuri, mwanangu. Juzi mlipokuwa mkionyeshana kwenye simu habari za kufariki kwa yule fundi wa nguo Mfaransa, jinsi alivyovisha wakubwa wa dunia, mimi nilikuwa nikiwasikiliza. Kazi yake naijua. Niliwahi kuifumua.

Nilikuwa kijana, najifunza kushona kwa Mama Feza, karibu na bandari ya Durban. Papa Bahati, mlinzi wa magari kule ufukweni South Beach, akaleta koti lake la Paris, la huyo huyo Mfaransa, tupunguze mikono. Alitoka nalo Bukavu, na Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake.

Kazi ya nusu saa. Lakini mimi mjanja nikasema: hapa iko siri. Mama Feza alipokwenda sokoni, nikafumua bega la kulia nione Mfaransa alifanyaje. Ndani nikakuta mishono midogo ya mkono, mahali ambapo jicho lisingefika. Nikaihesabu. Nikaihesabu tena. Kufumua nilijua, kurudisha sikujua.

Mama Feza aliporudi hakupiga kelele.

"Unajua huyu Mfaransa alianza na nini? Kuokota pini chini, kwa fundi wake. Miaka! Wewe wiki ya sita unampasua?"

"Nitashona tena, Mama. Hatajua."

"Eish! Jumamosi atainua mkono abariki mtoto, bega linabaki hewani. Leo Jumatano. Enda umwambie, akiwa bado na siku tatu."

Nilitembea nikiomba robot zote, taa za barabarani, ziwe nyekundu. Papa Bahati alinisikiliza hadi mwisho. Nikangojea kofi.

"Vesti nyingine sina, koti ni hilo tu," akasema. "Mwambie Mama ajaribu. Na wewe usitoke pale."

Siku mbili Mama Feza alishona kwa mkono, mimi nikimtungia sindano. Bega likarudi, ila lilishuka kidogo. Jumamosi Papa Bahati aliinua mkono juu ya kichwa cha bintiye, nami nikaukodolea macho uzi wa bega. Sala yenyewe sikuisikia. Bega likashika. Baadaye akawazungukia wageni akijigamba: "La kushoto Paris, la kulia Durban. Nani mwingine anayo?"

Kwa hiyo, mwanangu, picha za kwenye simu zitapita. Alichotuachia Mfaransa ni ule mshono usioonekana. Jifunzie kwenye kitambaa chako mwenyewe. Na ukiharibu cha mtu, mwambie mapema. Kwa siku tatu niliokoka, kwa moja nisingeokoka.

Mungu akupe mkono mtulivu, na mtu wa kukuambia ukweli bila kelele. Siku ya kumwoza mtoto wako, mabega yako yalingane. Yasipolingana, jigambe.